Mapacha wa Kiingereza kwenye Mawe ya Makaburi

Keki mliyoniagia ilikuwa tamu, sikatai. Nilikula kipande changu na cha Frank, kijana wetu wa kompyuta, maana Frank alikuwa anapiga picha badala ya kula. Lakini juu yake, kwa sukari ya rangi ya waridi, mliandika FAIRWELL BIBI. Ninyi mnaochonga mawe ya makaburi, maneno yenu yanakaa juani miaka mingi kuliko alivyokaa mwenyewe aliyelala chini yake, halafu mnashindwa na keki. Neno la kuaga lina FARE, ileile ya nauli, kwa sababu anayeondoka hulipa nauli. FAIR ni haki, au maonyesho ya biashara, au ngozi nyeupe. Kwa hiyo mmenitakia weupe. Asanteni. Kwa umri huu na kwa jua la Dodoma, nimechelewa.

Basi nimeona niwaandikie, kwa sababu kusema nimesema sana na mmesikia kidogo. Nani alipandishwa kuwa msimamizi na nani alilipwa nini, hayo waulizeni wanaoyapenda. Mimi nitasema juu ya mawe na maneno. Frank ndiye atakayeipiga hii kwenye kompyuta yake, na akibadilisha hata neno moja nitajua.

Nilikuja mjini kutoka Bahi nikiwa nimeolewa na nimeishia darasa la nne. Na hilo la nne sikulimaliza, lilinisubiri mpaka likachoka. Tulipanga Nkuhungu, na nyuma ya karakana hii kulikuwa na wanawake wanaponda kokoto. Nikajiunga nao. Unakaa chini, unaweka jiwe juu ya jiwe, unagonga. Jioni vidole vimevimba kama viazi na macho yamejaa vumbi. Hiyo ndiyo shule yangu ya mawe, na nawaambia wazi, asiyewahi kuponda kokoto hajui jiwe linapasukia wapi. Mnaokaa na mashine mnadhani jiwe ni karatasi nene.

Mwenye karakana wakati huo alikuwa Fundi Salimu, Mrangi wa Busi kule Kondoa, mtu mrefu, mkimya, kofia haimtoki kichwani. Mwislamu wa swala tano, na misalaba ya nusu ya makaburi ya mji huu imetoka mikononi mwake. Watu walimuuliza haoni tabu. Akawajibu, “Jiwe halina dini mpaka liandikwe. Na wanaoandikisha ni ninyi.”

Siku moja nilikuwa nabeba ndoo ya kokoto nikapita alipokuwa amelaza bamba la marumaru, amekwisha kulipigia mistari ya penseli. Nikasimama. Nikamwambia, “Fundi, hili neno la mwisho si sawa na la jana.”

Akanitazama. “Unajua Kiingereza?”

“Najua good morning.”

“Sasa umeonaje?”

Nikamweleza. Baba yangu alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe wa Bahi kwa mtu wa mjini ni wote sawa, wekundu, wana nundu, wana vumbi. Lakini kila ukoo unakata sikio la ng'ombe wake kwa namna yake. Wetu tulikata nyuma ya sikio la kushoto. Ng'ombe wakichanganyika mtoni humtazami ng'ombe mzima, unatazama sikio. Nikamwambia Fundi, hili neno la jana lilikuwa na mkato hapa katikati, na la leo mkato umehama.

La jana lilikuwa PEACE, amani. La leo alikuwa ameandika PIECE, kipande. Marehemu wa watu alikuwa karibu apumzike kwa kipande. Fundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatazama sana. Halafu akaniambia, “Weka ndoo chini.” Akanipa penseli ya seremala. Tangu siku hiyo sijaponda kokoto tena, ila nilipokuwa na hasira.

Alinifundisha kushika tindo kwa vidole, si kwa ngumi. Nyundo iwe nyepesi, mapigo yawe mengi. Herufi I ni ya mwanafunzi, herufi S ni nyoka, ukimwogopa anakung'ata, na O ndiyo inayomtambulisha fundi, kwa sababu jiwe linapenda kwenda moja kwa moja na wewe unalilazimisha kuzunguka. Alinifundisha kulowesha jiwe kabla ya kukata ili vumbi lisinitoe mapafu. Kiingereza hakunifundisha, maana hakuwa nacho. Sisi wawili tuliandika Kiingereza cha mji mzima na hakuna aliyeweza kuomba maji kwa lugha hiyo.

Kwa hiyo nilikwenda na masikio. Kila nilipokutana na maneno pacha nilimuuliza mteja aliyeonekana mpole maana yake, kisha nikatafuta mkato ulipo nikautundikia kitu cha nyumbani. PIECE ina I ndani yake, imesimama kama kijiti cha mshikaki, na mshikaki ni vipande. PEACE ina A yenye paa kama nyumba, na amani ikikosa nyumba ni maneno tu. ANGEL na ANGLE, malaika na pembe ya ukuta: malaika anaishia na EL, kama Gabrieli na Mikaeli. Msicheke. Kuna kaburi la mtoto huko nje ya mji, halikutoka kwetu, limeandikwa kwamba wazazi wamempoteza pembe yao ndogo. Nikipita pale hugeuza uso. SOUL na SOLE, roho na soli ya kiatu: roho ina U, ya Mungu. DAIRY na DIARY, mambo ya maziwa na kitabu cha kuandika ya kila siku: katika maziwa A inaitangulia I, na katika DAIRY ni hivyohivyo. Hilo nilimwokoa nalo mama mmoja wa Nkuhungu aliyetaka kibao cha duka lake la mtindi, la sivyo watu wangekuja na kalamu. STATIONERY ya penseli ina E, kama penseli. STATIONARY ya kusimama ina A, kama kusimama. Mkitoka hapo nje kwenda stendi, hesabuni maduka ya kalamu yaliyosimama.

Mtaniambia siku hizi kompyuta inasahihisha. Frank alinionyesha, inapiga mstari mwekundu chini ya neno baya. Nikamwambia andika ANGLE. Akaandika. Mstari uko wapi? Hakuna. Kompyuta inamjua mwizi asiye na kitambulisho. Mwizi mwenye kitambulisho cha jirani inamkaribisha chai.

Sasa niseme juu ya sheria ya karakana, kwa sababu naona mnaifuata bila kujua ilikotoka, au mnaivunja bila kujua pia. Sheria ni hii: neno likikutia shaka, mwulize mteja mara moja. Akikataa, chonga alichotaka.

Ilitokana na Fundi Salimu mwenyewe. Alikuwa amejifunza kwa mteja fulani kwamba maombolezo ni MOURNING, yenye U. Akafurahi nalo kama mtoto na baiskeli. Wiki hiyohiyo ikaja familia nyingine na maneno yao, kwamba mama yao aliwaacha asubuhi, IN THE MORNING. Fundi akaona hapana, hawa wamesahau U, msibani asubuhi inaingiaje. Akaiweka. Kwa huruma kabisa. Siku ya kuliweka jiwe, mjukuu mmoja aliyesoma akasoma kwa sauti kwamba bibi aliondoka katikati ya kilio. Na kweli kilio kilikuwapo nyumbani kwao siku aliyokufa, kwa sababu watoto wake walikuwa wanagombania shamba lake. Waliona tumewatangaza. Jiwe lilirudi karakana kwenye mkokoteni na wakwe wanne wenye fimbo. Tulichonga jingine bure, na Fundi akatunga sheria. “Mkono ni wetu,” alisema. “Maneno ni yao. Kila mtu alale na chake.”

Niliishika sheria hiyo, hata alipostaafu Fundi akarudi Busi, nikabaki mimi mkubwa wa tindo. Ilinikaa vizuri mpaka alipokuja Deo.

Deo alikuwa kijana mkubwa wa ofisi, wale waliohamia hapa na ofisi zao na viyoyozi vyao, wanaoita vumbi letu tatizo la mazingira. Baba yake alikuwa amefariki, Mhehe mmoja aliyekuwa mlinzi wa chuo hapa mjini muda mrefu. Habari zake wengi walizijua. Mkuu wa chuo alimwamuru siku ya Jumapili afungue stoo atoe mabati ya chuo, ili yeye mkuu akajengee kwake. Mzee akakataa kutoa ufunguo. Wiki haikuisha, kazi hana. Akaishia kupogoa zabibu kwenye mashamba ya watu, na hakuna aliyewahi kumsikia akijuta.

Deo alinitumia maneno ya jiwe kwa simu. Hakuja. Jina, kuzaliwa, kufa, halafu mstari wa chini: HERE LIES A MAN OF PRINCIPAL. Na chini ya hapo akaongeza, “Usibadilishe hata nukta.”

Pacha hao nawajua. PRINCIPLE ni msimamo. PRINCIPAL, yenye A ya mwalimu, ni mkuu wa chuo. Nikampigia.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Mwanangu, hilo neno la mwisho, una hakika nalo?”

“Hakika kivipi?”

“Wako wawili wanafanana. Huyu uliyemtuma ni mkuu wa chuo.”

Akacheka kwa pua. “Bibi, wewe chonga. Kiingereza niachie mimi, ndicho kinachonilisha.”

Mara moja nimeuliza. Amekataa. Nikakata jina, nikakata tarehe, na ule mstari wa chini nikauandika kwa penseli. Nikasema nitaukata kesho. Kesho nikasema kesho. Sheria ilisema nichonge alichotaka mteja, haikusema lini.

Akaja mama yake. Mama Deo, mwanamke mdogo wa mwili, kaniki imembana, ameshika kimfuko cha plastiki chenye zabibu. Akanisalimia, akanipa zabibu, akaomba alione jiwe la mumewe. Nikalifunua. Akapitisha mkono kwenye jina, polepole, herufi moja moja, kisha mkono ukafika kwenye penseli ukasimama.

“Hapa pamesema nini?”

“Pamesema mumeo alikuwa mtu wa mkuu wa chuo.”

Sikumzungusha. Mtu anayeuliza jiwe la mumewe hazungushwi.

Akakaa juu ya ndoo. “Nilimwambia Deo aandike mtu wa msimamo.”

“Ameandika. Kwa Kiingereza. Wanafanana, mama, kama ndama wawili wa siku moja.”

“Ndiyo maana wake za wanangu walikuwa wanaitazama simu wananong'onezana, nikiingia wanasema mama karibu chai. Umemwambia?”

“Nimemwambia. Amekataa, na sheria ya hapa hainiruhusu kumwambia mara mbili.”

“Mimi nikimwambia ataona nimemvua nguo mbele ya mkewe. Hatasema kitu. Ataacha kuja nyumbani, ndivyo alivyo, ni baba yake mtupu. Na nisipomwambia, mzee atalala chini ya jina la mtu ambaye yeye alimnyima ufunguo mpaka Yesu arudi.”

Tukakaa. Nikala zabibu mbili. Mwishowe akaniangalia usoni vizuri.

“Wewe mwenyewe kabila gani?”

“Mgogo. Wa Bahi.”

“Na sisi?”

“Ninyi Wahehe. Tangu umefungua mdomo nimejua.”

Akatabasamu. Nadhani hakuwa ametabasamu tangu mazishi. “Basi fundi kafungwa mdomo na sheria yake, sawa. Mtani kafungwa na nani?”

Nisikilizeni ninyi mliozaliwa na simu mkononi. Mgogo na Mhehe ni watani tangu mababu zetu walipochoka kupigana. Mtani anaingia msibani akiimba, analala kaburini akakataa kutoka mpaka akombolewe, anamwambia mfiwa neno ambalo ndugu wa damu akilisema wanatoana meno. Na mfiwa haruhusiwi kununa. Akinuna ameaibisha ukoo wake. Mimi nilikuwa nimevaa aproni muda mrefu mpaka nikasahau chini yake kuna nani.

Siku ya kuchukua jiwe Deo alifika na pikapu, suti nyeusi, viatu vinang'aa kwa dakika moja kabla ya vumbi letu. Alikuja na mkewe, na mama yake, na baba yake mdogo aliyetoka Iringa, mzee mnene mwenye sauti ya ngoma. Wakanikuta sina aproni. Nimejifunga khanga, nimekaa juu ya jiwe, na kulia na kushoto wamekaa mama lishe wawili wa jirani, Wagogo wenzangu, sahani za bati mikononi.

“Fundi, jiwe liko tayari?” Deo akauliza.

“Fundi hayupo,” nikasema. “Mimi ni Mgogo. Nimekuja kuomba.”

Baba mdogo alielewa kabla sijafunga mdomo. “Nilijua,” akanguruma. “Mgogo haachi kuomba hata kwenye jiwe la marehemu.”

“Na Mhehe haachi hasira hata akiwa marehemu,” akajibu mama lishe wa kulia. “Mbwa wenu mmewaacha na nani? Au ndio kitoweo cha shughuli?”

Deo akatazama saa. “Jamani, padre anasubiri makaburini. Sina muda wa mambo haya.”

“Huna muda wa baba yako?” Baba mdogo akamgeukia, hacheki tena. “Hawa ni watani. Wakikalia jiwe, hata waziri anasimama. Waulize bei.”

Deo akanigeukia. “Mnataka nini? Kuku?”

“Kuku tutamla baadaye, atakuja tu,” nikasema. “Tunataka utusomee jiwe. Sisi hatukusoma. Utusomee neno moja moja, na kila neno ulitie Kiswahili, mama yako asikie tulivyomsifu mtani wetu.”

Akasogea. Tukainuka kidogo, tukamwachia mstari wa chini. Akainama na suti yake.

“Here lies. Hapa amelala.”

“Amelala,” wakaitikia mama lishe, kama kanisani.

“A man. Mtu.”

“Mtu.”

“Of. Wa.”

“Wa.”

Akafika kwenye neno la mwisho. Midomo imebaki wazi. Alilitazama neno lile kama mtu aliyemkuta nge ndani ya kiatu alichokwisha kukivaa. Alilijua. Sitawadanganya kwamba mimi nilikijua Kiingereza kuliko yeye. Alikijua kabisa, ila hakuwa amekitazama. Ukijua sana kitu unaacha kukitazama, waulizeni waume zenu.

“Wa nani?” mama lishe wa kushoto akauliza. “Tunasubiri, mwanetu. Wa nani?”

Mkewe alikuwa anachunguza viatu vyake. Deo akajinyoosha.

“Simu,” akasema. “Simu hizi zinabadilisha maneno zenyewe.”

Baba mdogo alicheka mpaka akaegemea pikapu, pikapu ikalia. “Kaka yangu alimnyima mkuu wa chuo ufunguo,” akasema akifuta macho, “simu yako imempa mkuu wa chuo kaka yangu mzima.”

Na Deo akacheka. Alianza kwa kulazimishwa, kama anayekohoa, halafu kicheko kikamtoka chenyewe, akashika magoti. Nilimtazama mama yake, akanitazama. Maneno yaleyale fundi angeyasema, angechukiwa mpaka leo, na jiwe lingesimama na uongo wake kwa ukaidi tu. Mtani aliyasema, na mtu akapata pa kutokea bila kuvunja mlango.

“Haya, Mgogo, umeshinda,” Deo akasema. “Ni penseli tu kumbe. Weka ile nyingine, yenye LE mwishoni.”

Nilikuwa nimekwisha kulowesha kitambaa cha kufutia. Mama Deo akasema, “Deo.”

“Naam, mama.”

“Mimi nilikwambia neno gani?”

Akafikiri. “Mtu wa msimamo.”

“Na wewe ukalipeleka wapi?”

Deo akajipangusa vumbi kwenye suti.

“Lirudishe,” mama yake akasema.

Nikafuta mstari mzima. Nikavaa aproni. Padre akapigiwa simu, akaambiwa watani wamelikalia jiwe, akasema basi atakaa kivulini, naye ana watani wake. Nikapiga mistari upya, nikalowesha, nikaanza kukata, na wote wamesimama juani wananitazama, kitu nisichokipenda. MTU WA MSIMAMO. Hakuna pacha hapo. Hakuna sikio la kuchungulia.

Nilipomaliza nikapuliza vumbi, nikamwaga maji, nikasogea pembeni. Mama Deo akapiga magoti. Alisoma zamani kisomo cha watu wazima, kidogo, na tangu hapo hakupata cha kusoma. Akaweka kidole ndani ya M.

“M,” akasema. “Mtu.” Kidole kikahama. “Wa.” Kikafika kwenye neno refu, kikasimama, kikarudi nyuma. “Msi. Msima.”

Deo akafungua mdomo amsaidie. Baba mdogo akamshika bega.

“Mwache,” akasema. “Atafika.”

Tukasubiri wote, hata dereva wao, aliyekwisha kuiwasha pikapu, akaizima. Mama Deo akafika. Kisha akarudisha kidole mwanzo, akausoma tena mstari wote, safari hii bila kusimama.